P ya Petroli, L ya Lori

Nyinyi vijana wa siku hizi mnanichekesha. Kontena inafungwa hapa Kericho, mmoja wenu anatoa simu mfukoni, anapiga picha ya sili ya mlangoni, na kabla dereva hajawasha lori, Mombasa wameshaiona, na huko ng'ambo inakoenda wameshaiona pia. Halafu mnakaa chini kulalamika ati netiweki inasumbua. Sisi habari hiyo hiyo tuliipeleka kwa mdomo. Na mdomo, kama mnavyojua, hutegemea mtu alizaliwa wapi.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa ghala katika kiwanda kimoja cha chai, ule upande ambapo mashamba ya kampuni yanaishia na mashamba ya wenyeji yanaanza, ukielekea Bomet. Mimi si wa hapa. Nilitoka upande wa ziwa nikiwa kijana, nikaja kutafuta kazi, na chai ikanishika mpaka nikazeeka. Wenyeji waliniita Odhiambo tu, na mpaka leo Silibwet nikienda sokoni wananiita hivyo hivyo, kama vile Odhiambo ni mmoja tu duniani.

Kabla sijafika kwa simu, niwaambie jambo moja la kontena, kwa sababu naona mnafungua mlango, mnachungulia, mnatia tiki. Hiyo si kukagua. Ingia ndani, mwambie mwenzako afunge mlango, usimame gizani uangalie juu. Ukiona nyota mchana, ujue kuna matundu na mvua itaingia. Halafu vuta pumzi kwa nguvu. Chai hunyonya harufu ya kila kitu inachokaa nacho, iwe ngozi, samaki au rangi. Mimi nilishawahi kuikubali kontena iliyokuwa imebeba sabuni, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na mafua na sikutaka kusema. Tulikuwa tumeshaanza kupakia magunia wakati mama mmoja wa ofisini alipopita na mwavuli wake. Akasimama, akanusa kutoka nje.

"Odhiambo," akasema, "hii chai mnaenda kuinywa ama mnaenda kufulia?"

Wapakiaji walicheka mpaka wakakaa chini. Magunia yakashuka yote. Tangu siku hiyo nikiwa na mafua sikaribii kontena, na yule mama akawa mwalimu wangu bila mtu kumteua.

Jina lake lilikuwa Rael, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Chebet, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mkipsigis wa Siongiroi, mjane. Mumewe alipofariki, mashemeji walilikalia shamba, wakamwambia kwa adabu kabisa kwamba mtoto wa kike hana haja ya mpaka. Akachukua watoto wake akaja kiwandani. Alianza chini, akapanda mpaka akawa ndiye karani wa kutuma mizigo: simu ya Mombasa ilikuwa mezani kwake. Na kiti kile kilikuwa na nyumba. Nyumba ya karani, yenye bomba la maji ndani na chimni ya moshi. Kiti kikienda, nyumba inaenda. Hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja.

Sasa sikilizeni mambo yalivyobadilika. Zamani meli iliondoka na karatasi zake, mzigo na karatasi vinafika pamoja, wenye bandari wanasoma polepole. Halafu baadhi ya nchi za wanunuzi wakaanza kusema hapana. Habari itangulie. Iingie kwenye kompyuta yao kabla meli haijafika: ndani kuna nini, uzito wake, nani ametuma, namba ya kontena, na sili. Sili ni kile kifungo cha chuma cha mlangoni, mnakijua, ukishakibana hakifunguki mpaka ukikate, na kila kimoja kina herufi zake na namba zake. Kompyuta ikisema sili hii na mlango ukisema sili ile, basi wao wanajua jambo moja tu: mlango umefunguliwa njiani. Kontena inawekwa kando, inavunjwa, magunia yanachomwa chomwa visu kutafuta kilichofichwa. Chai iliyochomwa kisu hainunuliki.

Wakala wetu wa Mombasa alikuwa na kompyuta ya kupeleka hizo habari. Sisi tulikuwa na faksi ambayo mvua ya Kericho ikianza, nayo inaanza vituko vyake. Na mvua ya Kericho mnaijua, haikosi mchana. Karatasi ilifika Mombasa kama imekanyagwa na kuku. Kwa hiyo sili ilisomwa kwa simu, herufi moja moja, na mtu wa upande wa pili anaandika kwa kompyuta. Huyo mtu aliitwa Athumani. Hatukuwahi kumwona. Alikuwa sauti tu, ya kipwani, tamu, isiyo na haraka, hata ungemwambia ofisi inaungua angekuuliza kwanza umeamkaje.

Ili tusikosane, wakala alituletea chati ya maneno, yale ya marubani na watu wa meli. A ya Alfa, B ya Bravo, na kuendelea. Mama Chebet aliibandika ukutani juu ya simu. Akaifuata kama Amri Kumi.

Ikaja paketi mpya ya sili, na zote zinaanza na herufi P. Chati ilisema: P ya Papa.

Nyinyi mliozaliwa hapa mmeshaanza kucheka. Subirini.

Mama Chebet alisoma, "P ya Papa." Lakini ulimi wa Kipsigis, P na B kwake ni nyumba moja yenye milango miwili. Neno lilitoka likiwa katikati, si papa si baba, likasafiri na waya mpaka baharini, na Athumani akasikia baba. Akaandika B. Alisoma tena kuhakikisha, "B ya baba," na Mama Chebet akasikia alichokitaka, akasema ndiyo. Wote wawili walifanya kazi yao sawasawa.

Meli ikaenda. Baada ya wiki kadhaa habari ikarudi kwamba kontena imezuiwa ng'ambo. Kompyuta yao inasema B, mlango unasema P. Wameivunja, wamechoma magunia, mnunuzi ameikataa. Wa kwanza kushikwa alikuwa dereva. Walimuuliza alilala wapi, alikula wapi, nani alimkaribia, mpaka mtu mzima akalia. Halafu mtu mmoja akafikiria kumuuliza Athumani aliandika nini, na kidole kikahama kutoka barabarani kikaja moja kwa moja mezani kwa Mama Chebet.

Meneja wetu alikuwa mtu wa upande wa Nyeri. Hakuwa mbaya, wacha nisimseme vibaya. Alikuwa mwerevu na mwenye haraka, na hivyo viwili vikikaa kichwa kimoja huleta shida. Alituita mimi na Mama Chebet.

"Mama Chebet," akasema, "mimi sina ubaya na wewe. Umefanya kazi vizuri miaka yote. Lakini hii kazi sasa imekuwa ya ulimi, na ulimi wako unatuangusha. Nitakupeleka sotingi, ukachambue chai. Odhiambo atakaa kwa simu."

Mama Chebet akauliza, "Na nyumba?"

Meneja akaangalia dirisha. "Nyumba ni ya karani. Unajua hiyo."

"Vyumba vya watu wa sotingi vimejaa, Bwana Meneja."

"Tutaona. Ijumaa kuna kontena inatoka. Odhiambo ajaribu mbele yangu. Akisoma vizuri, tumemaliza."

Nisiwadanganye, kile kiti nilikipenda. Nilikuwa nalala chumba kimoja na vijana wenzangu, mmoja akikoroma, mwingine akipiga redio. Bomba la ndani! Nilishaanza kufikiria nitaoga saa ngapi. Na wakati huo huo nilikuwa na aibu, sikuweza kumtazama yule mama machoni. Mambo hayo mawili yalikaa tumboni mwangu pamoja wiki nzima, na hayakuelewana.

Ijumaa asubuhi alikuja na kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya mgando, kama kawaida. Akamimina kikombe, akanisukumia.

"Kunywa," akasema. "Koo isikauke ukisoma."

Nilikunywa. Yale maziwa hayakunishuka vizuri, nawaambia.

Mchana tukaingia kwa ofisi ya meneja, kwa sababu simu yake ilikuwa na spika, ili kila mtu asikie. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Mama Chebet akakaa kando na mikono mapajani. Meneja alikuwa amechota sili kutoka paketi mbalimbali, akazimwaga mezani kama njugu. "Soma zote," akaniambia. "Nataka nijue kama tuko salama."

Athumani akasalimu, akauliza hali ya hewa, akauliza watu wa nyumbani, meneja akamkata. Nikaanza.

P ya Papa, nikaisema safi kabisa, kama kengele. Athumani akairudisha: "P ya papa, naam." B ya Bravo, safi. D, T, G, K, zote zikapita. Meneja anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Mimi kifua kimeanza kupanda. Nikashika sili nyingine. Herufi yake ya kwanza ilikuwa Z.

"Z ya Zulu," nikasema. Yaani nilidhani nimesema hivyo.

"S," akasema Athumani. "S ya suluhu."

"Hapana. Si S. Ni Z. Ya Zulu."

"Ndiyo bwana, S ya suluhu, nishaandika."

"Athumani! Z! Ile ya mwisho kabisa!"

"Sasa ya mwisho vipi, na mimi nasikia S?"

Kwetu ziwani hatuna hiyo Z, jamani. Tuna S na inatutosha. Maisha yangu yote nilikuwa naamini naisema, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia, kwa sababu sokoni hakuna anayekufa ukimwambia "sabibu" badala ya zabibu.

Meneja akaninyang'anya mkono wa simu, ingawa spika ilikuwa wazi na hakukuwa na haja. "Toka hapo. Ni kitu rahisi namna hii." Akaokota sili ya karibu, akainamia simu. "Athumani, andika. R ya Rima."

"R," akasema Athumani.

"Hapana. R."

"R, naam."

"Si R! Nimesema R! R ya Rima!"

Mvua ikazidi. Mimi niliitazama ile sili mkononi mwake, na herufi yake ilikuwa L. L ya Lima. Mama Chebet alikuwa anatazama dari kwa makini kana kwamba amesikia panya. Nyani haoni kundule, na hilo sikulisema, nilikuwa bado naitaka kazi.

Sauti ya Athumani ikatoka polepole kwenye spika. "Mabwana wazima, samahani nikiwauliza. Huko Kericho pana mtu yeyote mwenye ulimi mzima?"

Mama Chebet ndiye aliyeanza. Alijaribu kuziba mdomo kwa leso, haikusaidia. Akacheka mpaka mabega yakatikisika, halafu mimi, halafu, nashukuru Mungu, meneja mwenyewe. Mtu anayeweza kujicheka bado ana dawa. Athumani naye huko alikuwa anakohoa kwa kicheko.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "mimi siku ile nilikusikia baba. Sikudhani hata kidogo ni papa. Kwetu papa ni samaki, yule mla watu. Nikasema, mama wa watu wa bara huko, ataniletea samaki wa nini?"

Mama Chebet akaacha kucheka. Akasogea karibu na simu.

"Basi ni neno ndilo baya," akasema. "Papa akianguka, anaangukia baba. Tafuta neno ambalo likianguka halina pa kuangukia."

"Kama lipi?"

Akafikiri. "Petroli."

Na kwa kweli ilitoka betroli. Athumani akasema, "Ala! Betroli hakuna duniani. Hiyo ni petroli tu. P."

Vijana, hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nimekifuata maisha yangu yote. Usimwambie mtu arekebishe ulimi, utangoja mpaka kiama. Rekebisha neno. Tukakaa pale mezani sote, mvua inapiga, tukaanza kutafuta maneno, kila mtu anaharibu la mwenzake. B ikawa Biblia, maana piblia haipo. D ikawa daktari. Mama Chebet akataka G iwe gazeti, akalisema, Athumani akauliza, "Kaseti? Ile ya muziki?" Likatupwa. Nikaleta goti, kwa Mama Chebet likaangukia koti. G ilitutesa sana. Mwishowe meneja, mtoto wa Nyeri, akasema kwa heshima zote, "Githeri," kile chakula chao cha mahindi na maharagwe, na hakuna lugha iliyoweza kuipotosha githeri. L akaitoa yeye pia: lori. Hata akisema rori, inabaki lori. Mimi kwa Z nilileta Zaburi, nikijiona mtu wa kanisa. Athumani akakataa. "Ukiisema wewe itakuwa saburi, na saburi kwetu ni subira. Tafuta nyingine." Basi nikasalimu amri, ikawa zabibu.

Mnaona? Hakuna aliyefundishwa kusema vizuri siku hiyo. Tulikubali kwamba tutakosea, halafu tukapanga tukosee wapi.

Kontena ya Ijumaa ilikuwa bado uani inangoja. Meneja akatazama saa, akamtazama Mama Chebet. Mimi sikutazamwa.

"Soma wewe," akamwambia.

Akavuta kiti. Akaishika ile sili ya kweli kwa mikono miwili. Akaisoma polepole, petroli yake ikiwa betroli, daktari wake taktari, na Athumani akazirudisha zote, herufi kwa herufi, na tukazilinganisha na chuma, na zote zilikuwa sawa. Akarudia mara ya pili bila kuambiwa. Sawa tena.

Meneja akasimama. "Basi," akasema. "Mama Chebet, Jumatatu uje kwa meza yako."

"Na Odhiambo?"

"Odhiambo arudi ghala. Na akiwa na mafua aseme."

Kumbe ile habari ya sabuni ilikuwa imemfikia.

Mtataka kujua kama niliumia. Niliumia, lakini kidogo, kama mtu aliyekosa gari na kumbe safari haikuwa yake. Zaidi nilihisi wepesi. Baadaye kompyuta ililetwa hapa hapa kiwandani, na waya wake wa kupiga kelele kama paka aliyekanyagwa, na habari zikaanza kwenda bila ulimi wa mtu. Mama Chebet alijifunza kuchapa kwa vidole viwili. Lakini simu ilipokatika ama stima ikienda, Athumani alikuwa akipigiwa tu, na yale maneno yetu niliyasikia miaka mingi mbele, yakisemwa na watu wa wakala ambao hawajawahi kufika Kericho wala kujua kwa nini G ni githeri.

Ila siku ninayoikumbuka si hiyo ya kompyuta. Ni ile ile Ijumaa. Tulipotoka jioni, mvua ilikuwa imeisha, barabara ya murram inateleza. Mama Chebet akaniambia, "Odhiambo, pitia nyumbani, kuna kazi ya nguvu." Nilidhani ni kuni.

Alifungua mlango. Nyumba ilikuwa tupu. Sufuria zilikuwa ndani ya magunia, nguo za shule zimekunjwa kwenye katoni, picha ya Yesu imeshuka ukutani na mahali pake pamebaki peupe. Godoro limekunjwa, limefungwa kamba. Chebet alikuwa amelikalia, amevaa sweta na viatu, tayari kwa safari, na wadogo zake wamemzunguka.

"Mama," akauliza, "gari inakuja saa ngapi?"

Alikuwa amefunga kila kitu kabla hata mimi sijajaribiwa. Alikuja kazini, akanipa maziwa, akakaa pale mikono mapajani, na nyumba yake iko kwenye magunia.

"Hakuna gari," akamwambia mtoto. Halafu akaegemea ukuta, pale pale peupe, akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na watoto wakamtazama, na mimi nikatazama miguu yangu.

Alipomaliza akajipangusa kwa leso. "Fungua hiyo kamba," akaniambia. "Watoto walale."

Nikainama. Fundo alilikaza kama mtu asiyetaka kurudi. Baridi ya baada ya mvua ilikuwa imekaza vidole vyangu, likakataa, nikatoa kisu kwenye gunia la sufuria.

"Usikate," akasema. "Kamba ni nzuri."

Nikaweka kisu chini, nikaifungua kwa meno.